Mama, Kope Zako Zilipogeuka Zambarau

Mama,

Ni mimi Nyanjura. Mkeo, au mkweo, au mwanao. Watu wa hapa Butiama hawajakubaliana waniite nani, na sasa haupo tena wa kuwanyamazisha. Misheni walinifundisha kuandika barua, na hakuna siku waliyosema kwamba mtu aliyekufa haandikiwi. Kwa hiyo ninakuandikia.

Nianze na mazishi yako, maana hukuyaona, na najua yangekuchekesha. Makuru, mdogo wake marehemu mumeo, ndiye aliyelia kuliko wote. Alijitupa kwenye udongo wa kaburi akagaagaa mpaka wanaume wakamshika makwapa wamwinue. "Shemeji yangu, umeniacha na nani!" Mtu huyu, Mama, tangu mikono yako ilipobadilika rangi hakukupa mkono hata mara moja. Alikuwa anakusalimia akiwa ng'ambo ya uzio wa minyaa, kama mtu anayeita mbwa asiyemwamini. Nikamtazama anavyogaagaa, nikasema moyoni: chafuka vizuri, baba. Hilo shati jeupe atalifua mkeo.

Mimi sikulia siku ile. Walilisema hilo pia, kwamba nina macho makavu. Wangeniuliza, ningewaambia machozi yangu niliyamaliza wakati wewe bado unayaona, na wao walikuwa hawafiki kwetu.

Unajua nilivyokuja kwako. Ulikuwa mjane mwenye ng'ombe, huna mtoto. Na kwa mila zetu mwanamke wa hivyo anaweza kutoa mahari akaoa msichana, amzalie watoto wa kuendeleza nyumba yake. Nyumba ntobhu. Ulinitoa kwa baba yangu kule Kabasa, nikapanda njia ya Butiama nikijua nakwenda kufanywa punda. Ulinipokea mlangoni, ukanipa kiazi cha moto kilichotoka jivuni, ukasema, "Kula kwanza. Kazi haijawahi kumkimbia mtu." Nikakaa nikala. Nikakuona unavyonitazama, nikajua nimefika.

Ulinifundisha kulima pamba kwa maksai. Ulinifundisha kukaanga sato mpaka mfupa ulike, kama mnavyofanyaga kwenu Kibara, na kila siku ulilalamika kwamba samaki wa huku bara wananuka safari. Ulinifundisha hata dharau, Mama. Nilikuwa sina. Makuru alipokuja kueleza mambo yake marefu, alipotoka ulisemaga, "Maneno ya huyu ni samaki furu. Miiba mingi, nyama hakuna." Na ukaendelea kuchambua pamba.

Halafu yakaja yale ya ngozi.

Yalianza na kope. Tulikuwa tunavuna, ukaniuliza kama vumbi la pamba limeniingia machoni na mimi, maana yako yanawasha. Nikakutazama. Kope zako za juu zilikuwa zimevimba kidogo, na zimekuwa na rangi ya zambarau lililoiva, zote mbili sawasawa, kana kwamba mtu amekupiga ngumi huku na huku. Kisimani wanawake wakaanza. "Nani anampiga mjane?" "Si mkewe!" Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Nilikuambia nikitegemea utakasirika. Ukasema, "Waache. Hawana redio."

Kisha vidole. Kwenye kila kifundo cha kidole kikatoka kidoa kilichoinuka, cha rangi ileile, kinang'aa kama kimepakwa nta. Kisha shingo na kifua, weusi mbaya unaowasha, ukajikuna mpaka mabegani. Na nguvu zikakuisha kwenye mikono na mapaja. Wewe uliyekuwa unajitwika mtungi bila kuushika, ukawa huwezi kuinua mkono ukafika kichwani. Nikawa nakunyoa mimi. Ukikaa kwenye kigoda huwezi kuinuka. Ulikuwa unaniita huku umekasirika, kana kwamba kigoda ndicho kimekukosea: "Nyanjura! Njoo unisimamishe."

Na hapo, Mama, ndipo Butiama nzima ilipopata elimu. Kila mtu alijua. Nilikuwa sijui kama tunaishi na wataalamu wengi namna ile.

Makuru alijua kwamba ni mzimu wa kaka yake. Umekasirika kwa kuwa ng'ombe zake zimeolea mwanamke badala ya kubaki mikononi mwa ndugu. Nilishangaa sana kwamba mzimu ule ulikuwa unawataka ng'ombe walewale ambao Makuru alikuwa anawataka tangu zamani, mpaka yule dume mwenye baka. Mama Perusi wa kanisani alijua kwamba ni dhambi. Alikaa mlangoni, miguu nje, akakusomea maneno ya Mungu kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku, akasema uzitupe shanga za mama yako ndipo ngozi itatakata. Ulimuuliza kwa upole, "Na wewe hiyo goita shingoni, ulivaa shanga gani?" Hakurudi muda mrefu. Mwenye duka mmoja wa Bunda naye alijua. Alituuzia mafuta meusi, ukapaka, ukaungua. Baadaye tukaja kusikia ni ya kupaka ng'ombe wenye upele. Waliobaki wakasema ukoma, wakafunga mjadala.

Na mimi je? Mimi nilikuwa sijui. Nilikuwa nakuosha na kukupaka samli, basi. Kutojua kulinifanya nionekane mjinga kuliko wote, na mwishowe kukanifanya nionekane mchawi.

Unakumbuka siku ile. Makuru alileta mganga kutoka mbali, mtu mnene mwenye kibuyu na kioo kidogo, na ndugu wote wakakaa uwanjani kwako kama kuna sherehe. Mganga akatazama kioo, akatazama watu, akatazama kioo. Nadhani alikuwa anatafuta ni nani hana ndugu pale. Akasema, "Mchawi anakula sahani moja na mgonjwa." Shingo zote zikageuka kwangu. Nilikuwa nimembeba mgongoni mdogo wa watoto niliokuzalia.

Makuru akasimama. Alikuwa ameshaandaa hotuba, ilionekana. "Huyu msichana arudi kwao Kabasa leoleo. Watoto wabaki, ni damu ya nyumba yetu. Na ng'ombe wabaki. Mimi nitakuwa mlezi."

Ulikuwa umekaa kwenye kigoda chako, kope zimevimba, unamtazama. Kisha ukasema, taratibu kabisa, "Makuru, mlezi wangu. Njoo unisimamishe."

Alitazama mikono yako. Akatazama ya kwake. Akarudi hatua nyuma, na sidhani kama alijua kwamba amerudi.

"Haya. Mganga, njoo wewe."

Mganga ghafla alikuwa na kazi nyingi sana kwenye kibuyu chake.

"Nyanjura."

Nikaja, mtoto mgongoni, nikapitisha mikono chini ya makwapa yako, nikakuinua. Ulisimama umeniegemea, unahema, ukawatazama wote mmoja mmoja. "Basi huyu ndiye mchawi wangu. Nendeni mkatafute wa kwenu."

Mganga aliondoka na mbuzi wetu. Hata uganga ukishindwa, mbuzi hashindwi kutembea.

Ni siku chache baada ya hapo, nakuosha nyuma ya nyumba, nikainua titi lako la kushoto nisafishe chini yake, ukashika mkono wangu. Ulitaka kuuondoa. Halafu ukauacha. Ndani kulikuwa na kitu kigumu kama kokwa, hakisogei, na ngozi ya juu yake imevutwa ndani, ina vishimo kama ganda la chungwa. Nilikuuliza ni tangu lini. Ukasema, "Tangu kabla ya macho. Sikutaka wapate na hili la kusemea."

Nilikasirika, Mama. Mpaka leo nimekasirika, wala si na wewe. Wamekutazama kope, wamekutazama vidole, wametazama kioo na vitabu na mizimu. Kelele zao zikawa nyingi hata ukaona heri ufe na kitu hicho mwilini kuliko kuwaongezea.

Tukapanda lori la pamba mpaka Musoma. Dereva alitaka ukae nyuma juu ya magunia kwa sababu ya mikono yako, nikamwambia basi na mimi nitakaa mbele nimtapikie. Ukakaa mbele.

Daktari wa hospitali alikuwa Mzungu mrefu aliyechomwa na jua, na pua inambabuka. Alikushika. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Alizishika kope zako kwa kidole, akashika vifundo kimoja kimoja, akakuomba uinue mikono, akakuomba uinuke kitini, akaona huwezi. Akapima titi na kwapani. Dresa, msaidizi wake aliyekuwa anatafsiri, akatuambia: kwenye titi ni kansa. Ni kitu kinachoota chenyewe na kinakula mwili. Watalikata, ingawa wamechelewa.

Ukauliza, "Na macho? Na mikono? Imetoka wapi hii?"

Daktari akafikiri. Akasema maneno mafupi. Dresa akasita, akajikohoza, akasema, "Daktari anasema ni damu chafu, imezunguka mwilini ikakosa njia, kwa hiyo..."

Ukamkatiza. "Baba, yeye amesema kidogo. Wewe unasema kirefu. Amesemaje?"

Dresa akatazama chini. "Amesema hajui, mama. Amesema ameshawahi kuona ngozi ya hivi kwa mtu mwenye kansa, labda vinatembea pamoja, lakini kwa nini, hajui."

Ulicheka, Mama. Ulicheka mpaka ukashika kifua, na daktari akadhani umepatwa na kitu. "Nyanjura," ukaniambia, "tumetembea mbali kumpata mtu asiyejua. Huyu anikate."

Akakukata. Nilipikia kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa, nikawa nakuletea sato wabichi wa asubuhi, na kwa mara ya kwanza tangu nikujue hukulalamika kuhusu samaki. Ulipopata nafuu tukaenda kwa fundi cherehani mmoja wa Kiislamu pale mjini, mzee wa heshima, akakushonea gauni lenye mfuko kwa ndani upande wa kushoto, ujazwe pamba. Hakuuliza swali lolote. Alipima huku ametazama pembeni. Tulipofika nyumbani ulijaza pamba ya shamba lako mwenyewe, ukajitazama, ukasema upande huo sasa ndio mzuri zaidi.

Na kope zikatakata.

Hilo, Mama, ndilo lililonimaliza kuwaheshimu. Wiki baada ya wiki ile zambarau ikafifia, vifundo vikalainika, siku moja ukainua mkono ukakuna kichwa mwenyewe, ukaniita nije nione kana kwamba umepaa. Na habari zilipoenea wakaja. Makuru alikuja, akasimama kwenye mlango wa uzio, akasema mzimu umeridhika kwa sababu yeye alimwaga pombe kaburini. Mganga alituma mtu kuulizia shukrani. Mama Perusi akatoa ushuhuda kanisani kwamba maombi yake yameondoa doa. Mtu amekatwa titi zima, Mama! Kovu limetoka katikati ya kifua mpaka kwapani, na hakuna hata mmoja aliyesema, labda ni kisu.

Ile zambarau iliporudi, hawakuja kudai sifa.

Ilirudi wakati wa palizi. Kope kwanza, kama mara ya kwanza. Ulijiona kwenye maji ya beseni, ukayamwaga. Kisha pumzi. Kisha ukawa humezi hata uji bila kupaliwa. Ulitaka nikupeleke Kibara ukaone ziwa, na nilianza kutafuta lori, lakini mwili haukungoja. Ulikufa asubuhi, umeegemea kifua changu kwa sababu ulikuwa huwezi kulala chali. Neno lako la mwisho halikuwa hekima. Ulisema, "Sogeza mguu." Nikausogeza. Watu wananiuliza uliacha maneno gani, na mimi nawaambia hayawahusu.

Sasa nikupe habari za tangu uondoke.

Makuru alinipeleka baraza. Hata ardhi ya kaburi ilikuwa haijanywea vizuri. Alisimama mbele ya wazee akasema nilikuua kwa uchawi, na ushahidi anao: mikono yako ilioza, vidole vikadondoka kimoja kimoja, kila mtu anajua. Mzee mmoja akamuuliza, "Wewe uliviona?" Akasema, "Kila mtu anajua." Mzee akauliza tena, "Wewe, Makuru, uliviona?" Basi akaanza safari zake za maneno, akapita kwa kaka yake, akapita kwa babu yao, ng'ombe wakatajwa mara nyingi. Ndipo bibi mmoja, aliyeniongoza kuuosha mwili wako, akanyanyuka bila kuitwa. "Mimi ndiye niliyemwosha. Vidole vyote vilikuwapo, nilivikunja mwenyewe. Ngozi ilikuwa imebadilika tu." Akakaa.

Mzee akasema, "Mlezi gani hajui kama mtu wake ana vidole?"

Mtu mmoja akacheka. Halafu wawili. Halafu baraza zima, mpaka yule askari wa mlangoni. Nilimwona Makuru anatafuta pa kuweka uso wake. Wakaamua watoto ni wa nyumba yako, nami nibaki nao pamoja na ng'ombe. Nilitoka nje nikakaa kwenye nyasi, na hapo ndipo nilipolia, Mama. Nililia mpaka kanga ikalowa. Ningependa uone.

Mama Perusi amenisalimia juzi. Nimemjibu. Ndiyo hayo tu.

Na jana, ndiyo sababu hasa ya barua hii, Makuru alinifuata shambani. Nilikuwa napalilia pamba. Alikuja peke yake, kofia mkononi, akaniita "mwanangu." Nilitazama nyuma yangu kuona anamwita nani.

"Ni Wegesa," akasema. "Titi lake. Lina kitu." Mkewe huyo, Mama, yule mpole mwenye kigugumizi, ambaye alikuwa anatupitishia maziwa kwenye pengo la uzio bila mumewe kujua. "Ninyi... nyie Musoma mlianzia wapi? Ulimwambia nani?"

Nilimwacha asimame juani mpaka nikamaliza tuta langu. Sikuwa nafikiri. Nilikuwa namwacha tu asimame. Kisha nikanawa mikono, nikaenda kwa Wegesa, nikamfungia mlango na kumshika. Kope zake ni safi, vidole safi. Kitu kipo, lakini ni kidogo, kinasogea bado, na ngozi imebonyea pale pale tu kama alama ya kidole gumba. Akaniambia, "Ni-ni-nilifikiri utanifukuza." Nikamwambia mimi na yeye tuna deni la maziwa, basi.

Makuru alikuwa anangoja nje. Akaanza kusema labda kwanza amwite yule mganga, aangalie kama hakuna mkono wa mtu. Nikamwambia, "Mwite. Akifika, mkabidhi vyombo aoshe, maana sisi hatupo." Akasema atakuja Musoma na sisi, mume lazima awepo. Nikamwambia hapana. Atabaki alee watoto, achote maji, apike. Akasema mwanaume hapiki. Nikamwambia, "Basi watakula maneno yako."

Akavaa kofia yake, akaenda kuichukua ndoo. Nilikutafuta kwa macho, Mama, ili tucheke.

Usinidhanie nimelainika. Simsamehi. Wengine wananiambia kumsaidia mkewe ni kumsamehe yeye. Hao nao nawadharau. Nakuahidi nitaushika mkono wa Wegesa njia nzima, na akikatwa nitampikia, na akiuliza nitamwambia ukweli wote ninaoujua na pale ninapoishia. Na nakuahidi wasichana watakaozaliwa kwenye nyumba yako nitawafundisha kujigusa na kusema mapema, hata kama Butiama nzima imekaa uwanjani na kioo.

Kwaheri, Mama. Lori linaondoka kesho alfajiri, lazima nifunge unga na sufuria. Ukimwona mumeo huko uliko, mwambie mdogo wake kesho anasonga ugali, na watoto watalala wakitafuna mabuje ya unga mbichi.

Wako,
Nyanjura